Frances Perkins: Mama aliyefungua milango ya viwanda

JINA la Frances Perkins linapotajwa, wengi humkumbuka kama mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la Marekani. Aliongoza Wizara ya Kazi kuanzia Machi 1933 hadi Juni 1945, na hadi leo hakuna aliyewahi kuishika wizara hiyo kwa muda mrefu kumshinda.

Safari iliyomfikisha huko, hata hivyo, ilianza barabarani, chini ya jengo lililokuwa likiwaka moto, miaka 22 kabla hajaapishwa. Siku hiyo wafanyakazi 146 walikufa katika muda usiozidi nusu saa, na mlango ambao wangeutumia kujiokoa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Bi Perkins alishikilia hadi uzeeni kwamba mageuzi makubwa ya kazi yaliyofanywa Marekani katika miaka ya 1930 yalizaliwa siku hiyo.

Malezi na masomo

Alizaliwa Aprili 10, 1880 mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts, akapewa jina la Fannie Coralie Perkins. Alilelewa katika mji wa Worcester, ambako babake alikuwa na biashara ya karatasi na vifaa vya kuandikia.

Ilikuwa familia ya watu wa heshima na wacha Mungu, wenye maisha ya wastani. Kama familia nyingi za aina yake wakati huo, iliamini kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu au ulevi.

Imani hiyo ilianza kutikisika alipojiunga na chuo cha wasichana cha Mount Holyoke, alikosomea fizikia. Mwalimu mmoja wa historia ya uchumi alikuwa na desturi ya kuwatuma wanafunzi wake viwandani wakajionee wenyewe jinsi watu wanavyofanya kazi, kisha warudi na kuandika walichokiona.

Binti huyo aliona wanawake na watoto wakifanya kazi kwa saa nyingi, katika vyumba visivyo na hewa, karibu na mashine zisizo na kinga. Alianza kuelewa kwamba mtu anaweza kuwa mchapakazi, asionje pombe, na bado akaangamia kwa sababu mkono wake ulinaswa na mashine na hapakuwa na wa kumlipa fidia.

Alihitimu mwaka 1902, akafundisha kwa muda. Alipokuwa mwalimu karibu na Chicago, alitumia nafasi zake za mapumziko kujitolea katika kituo cha Hull House, kilichokuwa kikiwasaidia wahamiaji maskini. Ni katika miaka hiyo ambapo aliacha jina la Fannie na kuanza kujiita Frances.

Mwaka 1907 alikwenda Philadelphia kufanya kazi ya kuwalinda wasichana waliokuwa wakiwasili mjini kutafuta ajira. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya na wasichana weusi kutoka majimbo ya kusini, na walikuwa wakinaswa na mawakala bandia wa kazi pamoja na wenye nyumba za kulala wageni waliowageuza kuwa makahaba.

Alihamia New York mwaka 1909, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1910, na mwaka huo huo akawa katibu wa Shirika la Watumiaji wa Bidhaa la New York. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua viwanda vidogo vya mikate vilivyokuwa chini ya ardhi. Ya pili ilikuwa kuchunguza hatari ya moto viwandani.

Jumamosi ya moto

Machi 25, 1911 ilikuwa Jumamosi. Bi Perkins alikuwa amealikwa chai kwa rafiki yake aliyeishi kando ya uwanja wa Washington Square, New York. Mara wakasikia ving'ora vya magari ya zimamoto. Walitoka mbio, wakavuka uwanja kuelekea kulikokuwa na moshi.

Jengo lililokuwa likiungua lilikuwa na ghorofa kumi. Ghorofa tatu za juu zilikuwa za kampuni ya Triangle, iliyoshona blausi za wanawake. Walikuwamo wafanyakazi wapatao 500 siku hiyo, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano ambao familia zao zilikuwa zimehamia Marekani.

Moto ulianza saa kumi na dakika 40 jioni, wakati watu wakijiandaa kwenda nyumbani. Ulianzia ghorofa ya nane, katika sanduku la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea kilichouwasha ni kiberiti au kipande cha sigara.

Mabaki hayo hayakuwa yamezolewa kwa zaidi ya miezi miwili. Juu yake zilining'inia karatasi za vipimo vya kukatia nguo. Pamba na karatasi vikikutana na moto, hakuna anayehitaji kuelezwa kinachofuata. Wafanyakazi walijaribu kutumia mpira wa maji uliokuwapo, lakini maji hayakutoka.

Wa ghorofa ya nane walipiga simu ghorofa ya kumi, zilikokuwa ofisi za wenye kampuni. Wengi wa hao walipanda juu ya paa na kuokolewa kupitia jengo la jirani. Wale wa ghorofa ya tisa, waliokuwa kwenye safu za cherehani, hawakupewa habari yoyote. Walijua kuna moto ulipowafikia.

Ghorofa hiyo ya tisa ilikuwa na milango miwili ya ngazi. Ngazi za upande mmoja zilizibwa na moto muda mfupi baadaye. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kampuni walitaka kila mfanyakazi atokee mlango mmoja tu ili mkoba wake ukaguliwe asije akaiba kitambaa.

Waliokimbilia ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya jengo waliporomoka nayo, kwani ilikuwa dhaifu na haikuweza kubeba uzito wao. Waendeshaji wa lifti walipanda na kushuka mara kadhaa wakiwaokoa wengi, mpaka lifti zikashindwa kwenda.

Zimamoto walifika haraka, lakini ngazi yao ndefu kuliko zote iliishia ghorofa ya sita. Wasichana walianza kuruka kutoka madirishani, wengine wakiwa wameshikana mikono. Nyavu zilizotandazwa kuwadaka zilipasuka.

Bi Perkins, aliyekuwa na umri wa miaka 30, alisimama miongoni mwa umati akiyashuhudia hayo yote. Waliokufa walikuwa wanawake na wasichana 123 pamoja na wanaume 23. Wadogo kabisa walikuwa na umri wa miaka 14.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu. Jengo lenyewe halikuanguka. Lilikuwa limejengwa kwa vifaa visivyoshika moto na lilisifiwa kwa hilo. Limesimama hadi leo na ni mali ya Chuo Kikuu cha New York. Jengo lilisalimika, walioungua ni watu.

Sheria ilikuwapo

Wengi hudhani kwamba wakati huo hapakuwa na sheria. Ilikuwapo. Sheria ya kazi ya New York ilikataza milango ya kiwanda kufungwa kwa ufunguo saa za kazi.

Wenye kampuni wawili walishtakiwa kwa mauaji. Lakini upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha kwamba wao binafsi walijua mlango ule ulikuwa umefungwa wakati ule ule wa moto. Mnamo Desemba 1911 baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia huru.

Kampuni ya bima iliwalipa fedha nyingi kuliko hasara waliyoweza kuonyesha. Familia zilizofungua kesi za madai zilisubiri hadi mwaka 1914, zikalipwa Dola 75 kwa kila aliyekufa. Na mwaka 1913 mmoja wa wenye kampuni hao alikutwa tena amefunga mlango kwa ufunguo katika kiwanda kingine. Alitozwa faini ya Dola 20.

Kuna jambo jingine linalotia uchungu. Mwaka 1910, New York ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi wanaoumia kazini. Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo iliifuta Machi 24, 1911, siku moja tu kabla ya moto wa Triangle, ikisema inawanyang'anya waajiri mali yao bila wao kuwa na kosa. Ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe kwanza mwaka 1913 ndipo sheria mpya ya fidia ipatikane.

Kwa Bi Perkins, hayo yote yalikuwa na fundisho moja. Sheria bila mkaguzi ni karatasi. Na ajali haiji kama mvua. Kila hatua iliyowaua wasichana wale ilikuwa uamuzi wa mtu: kutozoa mabaki, kufunga mlango, kutoweka maji ya kuzimia moto, kutofundisha wafanyakazi jinsi ya kutoka.

Kuwatembeza wakubwa

Baada ya msiba huo, wananchi wa New York waliunda Kamati ya Usalama, na Bi Perkins akawa katibu wake mtendaji. Aliyempendekeza alikuwa rais wa zamani, Theodore Roosevelt.

Kutokana na shinikizo la kamati hiyo na vyama vya wafanyakazi, bunge la jimbo liliunda Tume ya Kuchunguza Viwanda katikati ya mwaka 1911. Mwenyekiti wake alikuwa Seneta Robert Wagner na makamu wake Al Smith. Wote wawili walikuwa wanasiasa vijana wa chama cha mjini kilichojulikana zaidi kwa ujanja wa kura kuliko kutetea haki.

Bi Perkins alitoa ushahidi mbele ya tume, kisha akasaidia kuiongoza katika uchunguzi. Aliamini kwamba mheshimiwa akisoma ripoti husahau, lakini akiona kwa macho hasahau. Kwa hiyo akawatembeza.

Alimpeleka Smith mapema asubuhi kwenye kiwanda cha kamba, akawaone wanawake wakitoka zamu ya usiku ya saa kumi, wamechoka na kukunjamana nyuso. Aliwapeleka wajumbe kwenye viwanda vya kusindika vyakula, wakawakuta watoto wadogo wakimenya maharage alfajiri.

Seneta Wagner alitakiwa apenye mwenyewe katika tundu dogo ukutani lililoitwa njia ya kutokea moto unapozuka. Nje ya tundu hilo kulikuwa na ngazi ya chuma iliyofunikwa na barafu, tena iliishia juu sana kabla ya kufika chini. Mheshimiwa hakuhitaji maelezo zaidi.

Katika mwaka wake wa kwanza tume ilizuru zaidi ya viwanda 1,800 na kusikiliza mashahidi zaidi ya 200. Kufikia mwaka 1915, bunge la New York lilikuwa limepitisha zaidi ya sheria 30 kuhusu kazi na usalama.

Milango ilitakiwa kufunguka kwa nje na kutofungwa saa za kazi. Mabaki yanayoshika moto yalitakiwa kuwekwa katika mapipa ya chuma na kuzolewa. Uvutaji sigara viwandani ulipigwa marufuku. Mazoezi ya kutoka wakati wa moto yakawa ya lazima. Majengo marefu yenye wafanyakazi wengi yalitakiwa kuwekewa mabomba ya dari yanayomwaga maji yenyewe moto unapozuka. Idadi ya watu katika kila ghorofa ilipimwa kulingana na upana wa ngazi.

La muhimu zaidi, idara ya kazi ilipangwa upya na wakaguzi wakaongezwa. Majimbo mengine yalianza kuiga.

Kukubali nusu mkate

Wakati huo huo Bi Perkins alikuwa akipigania mswada wa kupunguza saa za kazi za wanawake na vijana ziwe 54 kwa wiki. Aliona kwamba uchovu ni mama wa ajali. Msichana aliyesimama mbele ya mashine kwa saa 12 hushindwa kuuondoa mkono kwa wakati.

Mwaka 1912, dakika za mwisho za kikao cha bunge, wapinzani waliuchezea mswada kwa kuwaondoa wanawake wa viwanda vya kusindika vyakula. Walijua kwamba watetezi wa wafanyakazi wangekataa mswada uliokatwa hivyo, na ungekufa.

Bi Perkins alikuwa amesimama pembeni mwa ukumbi, bila ruhusa ya shirika lake kukubali mabadiliko yoyote. Alipiga hesabu. Wanawake kama 400,000 wangepata nafuu, na wengine kama 50,000 wangeachwa nje. Akaamua kuukubali.

Kura zilikuwa hazitoshi. Ilibidi Seneta Tim Sullivan, ambaye tayari alikuwa njiani kupanda meli kurudi nyumbani, aitwe arudi upesi. Alirudi, na mswada ukapita.

Bi Perkins aliogopa kwamba mkubwa wake, Bi Florence Kelley, mpiganaji asiyejua kurudi nyuma, angemlaumu. Badala yake alifurahi. Mwaka uliofuata, wanawake walioachwa nje nao waliingizwa katika sheria.

Tangu hapo Bi Perkins alikuwa na desturi hiyo ya kuchukua kinachopatikana leo, kisha kurudi kesho kudai kilichobaki. Marafiki walimsifu kwa hilo. Wengine walimwona kama mtu wa kuridhia haraka mno.

Alijifunza pia kuwasoma wanasiasa wanaume. Aligundua kwamba wengi wao walimheshimu mwanamke pale tu alipowakumbusha mama zao. Basi akiwa bado kijana akaanza kuvaa magauni meusi ya heshima na kofia yake yenye pembe tatu, ambayo ikawa alama yake maisha yote.

Mzigo wa nyumbani

Mwaka 1913 aliolewa na Paul Wilson, mtaalamu wa uchumi aliyefanya kazi katika ofisi ya meya wa New York. Aliendelea kutumia jina lake la Perkins, jambo lililozua maneno. Binti yao, Susanna, alizaliwa Desemba 1916.

Muda mfupi baadaye mumewe alianza kuugua maradhi ya akili. Kwa miaka mingi alikuwa akiingia na kutoka hospitalini, na hakuweza tena kuitegemeza familia hadi alipofariki mwaka 1952. Mkewe ndiye aliyekuwa mlezi na mtafutaji, na jambo hilo alilificha kwa uangalifu mkubwa.

Al Smith alipochaguliwa kuwa gavana wa New York, alimteua Bi Perkins mwaka 1919 katika Tume ya Viwanda ya jimbo, kwa mshahara wa Dola 8,000 kwa mwaka. Baadaye aliongoza bodi iliyoamua madai ya fidia ya wafanyakazi walioumia. Kwa miaka mingi alisikiliza habari za vidole vilivyokatwa, migongo iliyovunjika na wajane wasiojua pa kwenda.

Gavana Franklin Roosevelt alipoingia mwaka 1929, alimfanya mkuu wa shughuli zote za kazi katika jimbo.

Waziri mwenye orodha

Roosevelt alichaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwishoni mwa mwaka 1932, nchi ikiwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Februari 1933 alimwita Bi Perkins nyumbani kwake New York na kumpa Wizara ya Kazi.

Mama huyo hakukubali papo hapo. Alifika na orodha ya mambo aliyotaka kuyatekeleza: mshahara wa kima cha chini, kikomo cha saa za kazi, fidia kwa wanaoumia, bima ya kukosa kazi, malipo ya uzeeni, kukomesha ajira ya watoto na bima ya afya. Alimweleza Roosevelt kwamba kama hayuko tayari kuyaunga mkono, atafute mtu mwingine. Roosevelt alikubali.

Machi 1933 aliapishwa. Mwaka 1934 aliunda ndani ya wizara kitengo cha viwango vya kazi, chenye jukumu la kuyasaidia majimbo kuboresha usalama na afya viwandani. Mshauri wake mmoja alikuwa Dkt Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa yatokanayo na sumu kazini.

Kazi hiyo ilihitajika. Kuanzia mwaka 1930, huko West Virginia, handaki la maji lilikuwa limechimbwa katika mlima uitwao Hawk's Nest. Mwamba wake ulikuwa na silika nyingi. Njia ya kuzuia vumbi ilijulikana tayari, nayo ni kumwagia maji mahali panapotobolewa. Lakini kutoboa mwamba mkavu ni haraka zaidi.

Wachimbaji, wengi wao watu weusi waliotoka kusini kutafuta kibarua, walivuta vumbi hilo bila vizuia vumbi vya kufunika pua na mdomo. Mamia walikufa kwa silikosisi, ugonjwa ambao hufanya mapafu kuwa magumu hadi mtu ashindwe kupumua.

Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi mwaka 1936. Mwaka huo huo Bi Perkins aliitisha mkutano wa kitaifa kuhusu silikosisi, akiwakutanisha waajiri, vyama vya wafanyakazi, madaktari na wahandisi. Wizara yake ilitengeneza hata filamu ya kueleza jinsi ya kuzuia vumbi.

Pia mwaka 1936 ilipitishwa sheria iliyozitaka kampuni zinazopewa zabuni na serikali zisiwaweke wafanyakazi katika mazingira hatari au machafu. Ilikuwa mbinu ya kimyakimya. Asiyejali usalama akose biashara ya serikali.

Kabla ya hapo, Agosti 14, 1935, Roosevelt alitia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyotayarishwa na kamati aliyoiongoza Bi Perkins. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya mishahara na saa za kazi, iliyoweka kima cha chini cha senti 25 kwa saa na kuwazuia watoto kufanya kazi katika viwanda vingi.

Sheria hizo zilikuwa na kasoro. Zote mbili ziliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, na humo ndimo walimokuwa wafanyakazi wengi weusi. Safari hii, waliobaki nje hawakuingizwa mwaka uliofuata. Walingoja kwa miaka mingi. Na bima ya afya kwa wote, iliyokuwa kwenye orodha yake, hakuipata kamwe.

Kuwindwa na mwisho wa safari

Bi Perkins alichukiwa na wengi. Baadhi ya waajiri walimwita adui wa biashara, na baadhi ya viongozi wa wafanyakazi hawakutaka mwanamke asiyetoka katika vyama vyao. Alipokataa kumfukuza nchini kiongozi wa makuli wa bandari, Harry Bridges, mzaliwa wa Australia, bila ushahidi wa kutosha, mbunge mmoja alipeleka hoja mwaka 1939 ya kutaka ashtakiwe na kuondolewa madarakani. Kamati ya bunge ilichunguza na kuona hakuna msingi wa mashtaka.

Aliendelea hadi Roosevelt alipofariki mwaka 1945, kisha akajiuzulu. Alifanya kazi katika tume ya utumishi wa serikali kwa miaka kadhaa, akaandika kitabu kuhusu Roosevelt, na kuanzia mwaka 1957 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alikuwa bado akifundisha alipofariki jijini New York, Mei 14, 1965, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa Newcastle, katika jimbo la Maine, kwenye asili ya ukoo wake.

Miaka mitano baadaye, Desemba 1970, Marekani ilipitisha sheria ya nchi nzima ya usalama na afya kazini, yenye wakaguzi wa serikali kuu. Mwaka 1980 makao makuu ya Wizara ya Kazi mjini Washington yalipewa jina la Frances Perkins. Desemba 2024, nyumba ya ukoo wao huko Maine ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa.

Urithi wake kwetu

Urithi wa mama huyu umefika pia Afrika Mashariki. Ni yeye aliyemshawishi Roosevelt aiingize Marekani katika Shirika la Kazi Duniani (ILO) mwaka 1934. Nchi zetu nazo zilijiunga na shirika hilo baada ya uhuru, na mwaka 2022 mkutano wake mkuu ulitangaza kuwa mazingira salama ya kazi ni miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi.

Sheria tunazo. Tanzania ilitunga sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2003, Uganda mwaka 2006 na Kenya mwaka 2007. Zinamtaka mwajiri kuweka kinga kwenye mashine, kutoa vifaa vya kujikinga na kuacha njia za kutokea zikiwa wazi.

Lakini New York ya mwaka 1911 nayo ilikuwa na sheria. Novemba 2012, zaidi ya wafanyakazi 110 waliteketea katika kiwanda cha nguo cha Tazreen nchini Bangladesh, nchi ambayo pia ina sheria. Huko nako milango ilikuwa imefungwa, miaka 101 baada ya Triangle.

Mwajiri anayefunga mlango wa kiwanda au ghala husema anazuia wizi. Wenye Triangle walisema hivyo hivyo. Walipoulizwa mahakamani thamani ya bidhaa walizowahi kuibiwa, ilidhihirika kuwa ni kidogo sana.

Frances Perkins hakuvumbua kifaa chochote na hakushona hata blausi moja. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali, kutazama, kuhesabu, na kuwalazimisha wakubwa watazame pia. Mfanyakazi anayeingia zamu leo anaweza kuanza na jambo dogo kama hilo: kuujua mlango wa pili ulipo, na kuujaribu kama unafunguka.